Kabla ya Kufungua Kopo la Sila: Sakafu za Mawe ya Asili Hapa Mwambao

Kila kaskazi inapoelekea ukingoni na watu wakaanza kuyasubiri masika, hunijia swali lile lile kutoka kwa wenye nyumba wa Mombasa na Kilifi waliotandika mawe ya asili: mazeras kwenye baraza, galana kuzunguka bwawa la kuogelea, marumaru sebuleni, au graniti kwenye kaunta ya jikoni. Wanataka kujua kama jiwe lao lipakwe sila, yaani ile dawa inayoingia kwenye vinyweleo vya jiwe na kulipunguzia kasi ya kunywa maji na mafuta, na kama ni hivyo wanunue ya kampuni gani. Jibu langu huwachosha kidogo, kwa sababu jina lililoandikwa kwenye kopo ndilo jambo la mwisho ninaloliangalia. Kazi yangu ni kusimamia umaliziaji wa nyumba, na katika kazi hiyo nimeona mara nyingi kwamba ukavu na usafi wa jiwe siku ya kupaka ndio unaoamua matokeo. Dawa nzuri iliyopakwa juu ya sakafu yenye unyevu au chumvi ni hasara mara mbili: pesa ya dawa imekwenda, na kuiondoa kunagharimu zaidi kuliko kuipaka.

Tuanze na jiwe lenyewe, maana mawe hayanywi sawasawa. Viwango vya ASTM vya Marekani, ambavyo wauzaji wengi wa mawe huvinukuu kwenye karatasi za bidhaa zao, vinataka marumaru ya ujenzi isifyonze maji zaidi ya asilimia 0.20 ya uzito wake, na graniti isizidi asilimia 0.40. Mchangawe, yaani jiwe la chembe za mchanga zilizoshikana, ambalo ndilo kundi la mazeras, unaruhusiwa kufika asilimia 8, na mawe ya chokaa yaliyo mepesi kabisa hufika 12. Mtu anayetumia dawa ile ile, kwa kiasi kile kile, kwenye baraza ya mazeras na kwenye kaunta ya graniti anafanya kazi mbili tofauti bila kujua. Mazeras itainywa dawa na kudai nyingine. Graniti nyeusi iliyosuguliwa hadi ikang'aa mara nyingi haiinywi kabisa, kwa hiyo dawa hubaki juu, ikakauka na kuacha ukungu wenye michirizi ambao mwenye nyumba huudhania kuwa ni uchafu usiotoka. Zipo kaunta ambazo nimewashauri wenyewe waziache kama zilivyo, na wengine hawakuamini kwamba ushauri wa kutonunua kitu unaweza kuwa ushauri wa kitaalamu.

Namna ya kujua ni rahisi na haihitaji kifaa. Dondosha matone machache ya maji safi juu ya jiwe lililo kavu, uyaache kwa robo saa, kisha uyafute na utazame. Ikiwa mahali hapo pamekuwa peusi kuliko pembeni, jiwe linakunywa na linahitaji dawa. Ikiwa tone limeingia kabla hujamaliza kulitazama, jiwe lina kiu kubwa na litahitaji kupakwa dawa mara mbili au zaidi, yaani mikono miwili kwa lugha ya mafundi. Ikiwa rangi haikubadilika hata kidogo, funga kopo lako. Jaribio hili lifanywe sehemu kadhaa, kwa kuwa vigae vilivyotoka shehena moja hutofautiana, na mahali panapokanyagwa sana, kama mlangoni na mbele ya sinki, huwa pamekwisha kupoteza dawa ya zamani hata kama pembeni ya chumba bado inafanya kazi.

Jaribio la pili lifanyike kwenye kipande kilichobaki, kamwe si kwenye sakafu iliyokwisha kutandikwa: kamulia tone la ndimu. Likitoa mapovu madogo, jiwe hilo limejengwa kwa kalisi kaboneti, nalo aghalabu ni marumaru, au travatini, au jiwe la chokaa. Yote haya ni mawe laini, ambayo kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs huwa karibu na 3, ilhali chembe za madini ya kwazi zilizomo kwenye mchangawe na graniti hufika 7. Mchanga unaoletwa na viatu mara nyingi una chembe za kwazi, na ndiyo sababu marumaru ya sebule iliyo karibu na bahari hupoteza mng'ao mlangoni kwanza. Sila haizuii mikwaruzo hiyo. Mkeka wa kufutia miguu huizuia.

Tone hilo la ndimu linafunua jambo ambalo wauzaji hulipitia haraka. Asidi haihitaji kupenya ndani ili iliharibu jiwe la chokaa, kwa kuwa inapoligusa tu huanza kuula uso wake. Gilasi ya maji ya ukwaju ikiachwa juu ya meza ya marumaru iliyopakwa sila ya bei kubwa kuliko zote sokoni, bado itaacha duara lisilong'aa, ambalo ukilipitishia kidole unalihisi likiwa na ukakasi kidogo kuliko pembeni yake. Hilo si doa, kwa maana ya kitu kilichoingia ndani na kinachoweza kuvutwa kitoke. Ni sehemu ya jiwe iliyoliwa, na tiba yake ni kusugua upya kwa almasi laini na unga wa kung'arishia. Kwa hiyo mwenye jiko ambalo humo ndimu, siki, ukwaju na achari ya maembe haviishi, nami humwambia kabla hajalipa kwamba marumaru ya kung'aa itamtesa, na kwamba akiipenda kwa dhati basi achague ile iliyosuguliwa bila kung'arishwa, ambayo alama za asidi hazionekani upesi.

Kuhusu aina za dawa, tofauti kubwa ni moja. Kuna zile za kupenya, zilizotengenezwa kwa silani, siloksani au polima zenye florini, ambazo huingia kwenye vinyweleo na kuviwekea ukuta mwembamba usiopenda maji, lakini huacha mvuke upite. Na kuna zile za kukaa juu, za akriliki au poliuretani, ambazo hutengeneza utando na kulifanya jiwe ling'ae kama limelowa. Za pili huuzika sana kwa sababu mteja huona alichokinunua. Kwa sakafu ya nje hapa kwetu mimi huzikataa, kwa kuwa jua huzigeuza nyingi kati yake njano, unyevu unaotoka chini huzisukuma zikabanduka vipande vipande, na mvua ikinyesha baraza huwa na utelezi wa kuvunja watu viuno. Anayetaka rangi ya jiwe ikolee anaweza kununua dawa ya kupenya iliyo na kikoleza rangi, mradi aijaribu kwanza kwenye kipande cha akiba, maana rangi ikishakolea hairudi nyuma kwa urahisi.

Katika hizo za kupenya pia iko tofauti inayofaa kujulikana. Silani na siloksani hushikana vizuri na mawe yenye silika, kama mchangawe na graniti, na hufukuza maji kwa bidii, lakini mafuta hayaziogopi sana. Zenye florini hufukuza maji na mafuta pia, na bei yake huwa juu. Kwa baraza inayopigwa na mvua ya kusi, siloksani inatosha. Kwa jiko la mtu anayepika samaki wa kupaka na kukaanga bajia kila jioni ya Ramadhani, toa hiyo pesa ya ziada.

Sasa grauti, yaani kile kinachojazwa kwenye mianya kati ya vigae. Grauti ya saruji ina vinyweleo vingi kuliko marumaru yoyote, na ndiyo inayoonyesha uchafu kwanza, hasa ile nyeupe ambayo kila mtu huichagua dukani na kuijutia jikoni. Udhaifu wake mwingi huletwa siku ya kuijaza: fundi akiichanganya na maji mengi ili iingie haraka, au akiifuta kwa sponji inayochuruzika, hukauka ikiwa na rangi ya mabaka na unga unaotoka kwa ukucha. Dawa haiwezi kuiimarisha grauti ya namna hiyo. Kwa mianya isiyozidi milimita 3, na kwa marumaru iliyong'arishwa, itumike grauti isiyo na mchanga, kwa kuwa ile yenye mchanga huikwaruza marumaru wakati wa kufuta. Kwa mianya mipana ya mazeras na galana, ambayo kingo zake hazijanyooka, yenye mchanga ndiyo isiyopasuka. Grauti ya epoksi haihitaji sila kabisa, lakini ni ngumu kuifanyia kazi kwenye joto letu, na mafundi wengi huikimbia kwa sababu hiyo.

Watengenezaji wengi wa sila huagiza grauti mpya ya saruji ikae kati ya saa 48 na 72 kabla ya kupakwa. Ndani ya nyumba, penye hewa ya kutosha, mimi hungoja wiki nzima. Nje hungoja zile siku 28 ambazo saruji hupewa ili ikomae, na sijali kama mwenye nyumba ana wageni wa harusi. Zaidi ya hapo, jiwe lenye kiu kubwa hupakwa mkono mmoja wa dawa kabla hata ya grauti kujazwa, kwa sababu rangi ya grauti huingia kwenye kingo za kigae na kukizungushia fremu isiyotoka tena. Mkono wa pili hupakwa baadaye, pamoja na grauti yenyewe.

Nimefika penye chumvi, na hapa nitakaa, kwa kuwa sakafu nyingi za mwambao huharibikia hapa. Maji ya visima vingi vya kisiwani na vya pwani yana chumvi, na tanki likikauka katikati ya kazi fundi huchota hayo hayo ya kisima kuchanganyia udongo wa kutandikia, yaani ule wa saruji na mchanga. Wengine huleta mchanga ambao haukuoshwa. Chini ya zege la nyumba za zamani aghalabu hakuna karatasi ya nailoni ya kuzuia unyevu wa ardhini, kwa hiyo maji hupanda, yakaibeba chumvi hadi juu, yakageuka mvuke hewani na kuiacha chumvi ikiwa unga mweupe juu ya jiwe na kwenye mianya. Saruji nayo ina mchango wake, kwa kuwa chokaa iliyomo ndani yake huyeyuka kidogo kidogo, hupanda na maji, na ikikutana na kaboni dioksaidi ya hewani hugeuka kuwa ganda gumu la kalisi kaboneti. Ili kuvitofautisha viwili hivi, lowesha kidole ukibonyeze kwenye huo weupe: chumvi huyeyuka, lakini ganda la chokaa hubaki pale pale.

Chumvi hufagiliwa ikiwa kavu, kwa brashi ngumu isiyo ya chuma, kisha huvutwa kwa mashine au hukusanywa na kutupwa mbali. Kuimwagia maji ni kuirudisha ilikotoka, na kesho yake itakuwa imepanda tena. Baada ya kufagia, subiri uone kama inarudi, na ukiona inapungua wiki kwa wiki ujue udongo wa chini unakauka na iko siku itakoma. Ikiwa inarudi kwa nguvu ile ile, basi kuna maji yanayoingia kutoka mahali, pengine bomba linalovuja au mtaro wa paa unaomwaga ukutani, na hapo anayehitajika ni fundi bomba. Kupaka sila juu ya sakafu inayopandisha chumvi ni hatari, kwa sababu chumvi ikikuta njia ya juu imezibika hujijenga fuwele chini ya ile tabaka iliyopakwa, fuwele zikitanuka hulisukuma jiwe kutoka ndani, na uso wake huanza kutoka magamba. Mazeras iliyofikia hali hiyo haina dawa, hubanduliwa.

Kwa sakafu ya chini yenye historia nisiyoijua, hukata karatasi ya nailoni angavu ya sentimita 45 kwa 45, nikaibandika kwa utepe pande zote nne na kuiacha usiku kucha, kwa saa 16 hivi. Asubuhi nikikuta matone upande wa chini wa karatasi, au jiwe limekuwa jeusi kuliko majirani zake, kazi inaahirishwa. Ndiyo maana pia napenda Januari na Februari kwa kazi za nje, wakati kaskazi imekausha kila kitu, kuliko kukimbizana na mawingu mwishoni mwa Machi.

Kabla ya dawa, mabaki ya saruji na grauti lazima yaondolewe, na hapa hutokea uharibifu ambao umenigombanisha na mafundi wengi. Wapo wanaokuja na chupa ya asidi ya haidrokloriki, ambayo maduka ya vifaa huiuza kwa jina la spiriti ya chumvi, wakaimwaga sakafu nzima na kuisugua. Kwenye vigae vya kauri wanaweza kuponyoka, lakini kwenye marumaru huua mng'ao kwa dakika moja, kwenye grauti hula saruji na kuacha mashimo ya mchanga, na kwenye mchangawe wenye chembe za chuma huibua madoa ya kutu ambayo hayakuwapo. Moshi wake hushambulia pia mabomba na vitasa vya chuma vilivyo chumbani. Sabuni isiyo na asidi wala magadi makali, maji ya vuguvugu, kikwaruzio cha plastiki na uvumilivu hutosha kwa mabaki yanayofutwa siku ile ile. Yaliyokwisha kukauka huhitaji viondoa-grauti maalumu vilivyoandikwa kwamba vinafaa kwa mawe ya chokaa.

Kupaka kwenyewe ni kazi fupi kuliko yote niliyoieleza. Jiwe liwe limekaa siku nzima, ikiwezekana mbili, bila kuguswa na maji, na lisiwe la moto, kwa kuwa jiwe lililopigwa na jua la adhuhuri huichemsha dawa kabla haijazama. Nje, wakati mzuri ni asubuhi umande ukishakwisha na baraza ingali kivulini. Anza pembeni ya mbali ukirudi mlangoni, eneo dogo kwa wakati mmoja. Mwagia dawa kidogo kwenye kitambaa cheupe kisichotoa rangi, uitandaze, kisha tazama. Jiwe lenye kiu hukolea rangi papo hapo, na baada ya dakika moja au mbili utaona mabaka makavu yakijitokeza ndani ya eneo lililolowa: hapo ndipo panapoomba nyongeza. Kwenye grauti pitisha brashi nyembamba, kwa sababu kitambaa huiruka ikiwa imezama kidogo. Baada ya muda ulioandikwa kwenye kopo, ambao aghalabu ni dakika 5 hadi 15, futa kila kilichobaki juu kwa kitambaa kikavu, kisha upitishe cha pili, na ukiweka kiganja usihisi kunata. Dawa ikikukaukia juu, paka kidogo ya dawa ile ile mahali hapo ili iyeyushe iliyoganda, uifute mara moja. Zile zinazochanganywa na spiriti hushika moto na hulevya, kwa hiyo madirisha yafunguliwe na jiko la gesi lifungwe hadi kwenye mtungi.

Bafuni naona imani moja inayogharimu watu pesa nyingi, nayo ni kwamba sila itazuia maji yasishuke kwa jirani wa chini. Haizuii. Kizuizi cha maji ni ile tabaka inayopakwa chini ya vigae kabla ya kutandika, na kama haikupakwa, dawa ya juu itachelewesha tu. Vivyo hivyo wenye nyumba za kale za mawe ya matumbawe na chokaa, kwa mfano za Lamu au Mji Mkongwe wa Zanzibar, huniuliza kama kuta zao zipakwe kitu kinachong'aa. Kuta hizo hukaa vizuri kwa sababu zinapumua, na utando wowote wa plastiki juu yake hufungia unyevu ndani hadi lipu ya chokaa ianguke.

Madoa yaliyokwisha kuingia yatolewe kabla ya kupaka, la sivyo yanafungiwa. Hina ya siku ya arusi iliyodondoka kwenye marumaru nyeupe, kahawa na manjano huvutwa kwa bandiko: unga wa chaki au kaolini uliokandwa kwa haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 inayouzwa maduka ya dawa hadi uwe mzito, ukapakwa unene wa nusu sentimita, ukafunikwa na nailoni kwa siku moja, kisha ukaachwa wazi ukauke kabisa. Ni kule kukauka ndiko kunakovuta doa juu, kwa hiyo asiubandue mtu ungali mbichi. Kwa mafuta, badala ya peroksaidi tumia asetoni. Peroksaidi inaweza kupausha mawe meusi, basi jaribu kwanza mahali pasipoonekana, na usishangae ikibidi kurudia.

Baada ya hapo, sakafu ioshwe kwa sabuni laini peke yake. Dawa nyingi za kusugulia choo zina asidi, na dawa za kupaushia nguo zikitumika kila siku huchosha grauti na sila pia. Dawa hudumu muda tofauti kulingana na jiwe, miguu na jua, kwa hiyo sipendi kumpa mtu idadi ya miaka. Rudia tone la maji kila mwaka kabla ya masika, ukianzia mlangoni na mbele ya sinki. Pakiwa pameanza kunywa hapo na kwingineko bado tone limesimama, paka hapo tu, kwa dawa ya aina ile ile. Ndiyo maana kopo lililobaki huliandika kwa kalamu nzito jina la chumba na tarehe, nikamwachia mwenye nyumba pamoja na vigae vya akiba.